SOS Fantômes kwenye karatasi: ya Chicago au ya London?

*Swali: Mwalimu, salamu kutoka Goma. Sisi ni vijana wanne wa Birere, tunatengeneza katuni fupi kwa simu za kundi linalowinda mizimu, tunazituma WhatsApp na watu wanazipenda. Ile iliyopendwa zaidi ni ya mzimu aliyeshuka kutoka volkano ya Nyiragongo akaingia ndani ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Sasa tunataka kuzitoa kama bede, yaani hadithi za michoro, ya karatasi. Mjomba wetu ametuletea rundo la bede za zamani za SOS Fantômes, zote kwa Kiingereza, nyingine za Marekani na nyingine za Uingereza. Katuni ni moja, lakini bede hazifanani hata kidogo. Ipi inafuata katuni vizuri zaidi? Na sisi tuige ipi?*

Mdogo wangu, nianze na lile unalolihitaji kesho asubuhi: namna ya kujenga hadithi, igeni ile ya Uingereza. Kutoka ile ya Marekani chukueni jambo moja tu, nitalitaja. Kuhusu ipi inafuata katuni vizuri, kila moja imefuata upande wake, na ndiyo maana mkiziweka mezani pamoja mnaona kama zimetoka katuni mbili.

Kabla ya yote, pangueni rundo la mjomba. Katuni tunayoizungumzia, ambayo kwa Kifaransa tuliiita SOS Fantômes, ni The Real Ghostbusters, iliyoanza kwenye televisheni ya ABC ya Marekani mwaka 1986 na kwisha 1991, iliyotokana na filamu ya 1984. Peter Venkman, Ray Stantz, Egon Spengler, Winston Zeddemore, Janine kwenye simu, na yule wa kijani anayekula kila kitu, ambaye katika Kifaransa tulimjua kama Bouffe-tout na kwenye bede zenu ameandikwa Slimer. Mwaka huohuo wa 1986 kampuni ya Filmation nayo ilitoa katuni yake ya wawinda mizimu, kwa sababu tangu 1975 ilikuwa na kipindi cha televisheni chenye karibu jina hilohilo. Ndiyo maana wenye katuni yetu wakaongeza neno «Real» kwenye jina. Ile ya Filmation ina gorila ndani ya kundi, na ninyi wa Virunga hamwezi kukosea gorila mkimwona kwenye jalada. First Comics waliitolea bede mwaka 1987. Hizo wekeni pembeni, haziwahusu.

Zilizobaki zitakuwa za nyumba mbili. Za Marekani zilitolewa na NOW Comics ya Chicago kuanzia 1988, toleo moja kila mwezi, mfululizo wa kwanza ukafika toleo la 28. Za Uingereza zilitolewa na Marvel UK ya London, nazo zilianza 1988, lakini kwa muda mwingi lilikuwa gazeti la kila wiki, likaenda hadi 1992 na kufikisha matoleo 193. Mwezi na wiki: shikeni hapo, kwa sababu karibu kila tofauti mliyoiona inaanzia hapo.

Katuni yenyewe ilikuwa na dakika kama 22 kwa kila hadithi. Mhariri wa hadithi zake katika miaka ya mwanzo alikuwa J. Michael Straczynski, yule aliyekuja kutengeneza kipindi cha televisheni cha Babylon 5, na alikuwa na tabia moja nzuri: hakuwadharau watoto. Mizimu wake walikuwa na sababu. Kuna hadithi ya zimwi anayejificha kabatini mwa watoto, nyingine ya mlango ulio chini ya ardhi ya New York ambao haupaswi kufunguliwa kabla ya mwisho wa dunia. Dakika 22 zilitosha kuonyesha tatizo, kulichunguza, kushindwa mara moja, halafu kushinda. Baadaye ABC wakaleta washauri wao, Janine akalainishwa, hata miwani yake yenye ncha ikafanywa mviringo kwa hoja kwamba ncha zinawatisha watoto, na Slimer akapewa nafasi kubwa mpaka jina lake likaingia kwenye jina la kipindi mwaka 1988. Kwa maoni yangu huo ndio wakati katuni ilipoanza kuchoka. Sasa angalieni mwaka: bede zote mbili zilizaliwa 1988, katikati ya mabadiliko hayo. Kila moja ilibidi iamue inafuata katuni ipi, ile ya kutisha ya mwanzo au ile ya Slimer.

NOW Comics walikuwa na kurasa ishirini na zaidi kwa hadithi. Hiyo ni karibu sana na kipindi kizima cha televisheni, na ndivyo walivyoitumia. Mwandishi wao mkuu, James Van Hise, anajenga kama televisheni: mteja anapiga simu, timu inakwenda, vifaa vinashindwa, Egon anarudi kwenye vitabu, wanakwenda tena. Ukisoma haraka unapata hisia ya kipindi cha Jumamosi asubuhi. Kwa mpangilio wa matukio, hii ndiyo inayofuata katuni.

Tatizo ni kwamba televisheni ina sauti, karatasi haina. Peter wa katuni anachekesha kwa sababu ya ile sauti ya uvivu ya Lorenzo Music, mtu anayeongea kana kwamba ameamshwa usingizini na mzimu hajamshtua. Hata sisi tuliomsikia kwa Kifaransa tulipata namna fulani ya uvivu huo. Ukiyachukua maneno ya namna hiyo ukayamwaga ndani ya puto la maneno bila sauti, yanalala. Bede za NOW mara nyingi zinajaza mapengo kwa maelezo: mtu anasema anachofanya wakati tayari tunamwona anakifanya. Michoro nayo haikai sawa, toleo hili imara, toleo lile imekimbizwa. Msidharau lakini. Mmoja wa wachoraji wake alikuwa kijana aliyeitwa John Tobias, ambaye miaka michache baadaye, palepale Chicago, alishiriki kuunda mchezo wa Mortal Kombat. Tafuteni katika rundo lenu matoleo yenye jina lake, mwangalie anavyosimamisha miili ya watu.

NOW pia walitoa bede ya filamu ya pili mwaka 1989, matoleo matatu, na wakachora wahusika kwa sura za katuni badala ya sura za waigizaji. Egon ana nywele zake za manjano zilizoviringwa ndani ya hadithi ya sinema ambako mwigizaji ana nywele nyeusi. Naipenda, ingawa wengi huiona kama kichekesho cha bahati mbaya.

London ni habari nyingine kabisa, na hapa nitakaa.

Gazeti la kila wiki la Uingereza halikuwa hadithi moja ndefu. Mkilifungua mtakuta hadithi fupi ya bede ya kurasa tano hivi, nyingine fupi zaidi, hadithi ya maandishi matupu, safu ambayo Egon anawaandikia wasomaji kuhusu aina za mizimu kwa sauti ya profesa, na ukanda wa vichekesho wa Slimer, kazi ya Bambos Georgiou. Wachoraji ni tofauti ndani ya gazeti moja, hivyo uso wa Ray wa ukurasa wa 3 si uso wa Ray wa ukurasa wa 20. Mtoto wa Leeds au Glasgow hakujali. Alikuwa amelizoea gazeti la namna hiyo tangu ajifunze kusoma.

Kurasa tano zinabadilisha kila kitu. Huwezi kuanza na simu ya mteja. Huwezi kwenda mara mbili. Na huwezi kupigana sana, kwa sababu kufyatua miale ya protoni, silaha ya timu, kunakula visanduku vya picha: kimoja cha kuinua bunduki, kimoja cha mwale, kimoja cha mzimu kukwepa, na nusu ya ukurasa imekwisha bila hadithi kusogea. Kwa hiyo waandishi wa London walipata njia nyingine. Mzimu yupo tayari kisanduku cha kwanza. Ana tabia moja ya ajabu au malalamiko fulani. Bunduki zinajaribiwa mara moja, zinashindwa, halafu mtu mmoja wa timu anaelewa mzimu anataka nini, anampa au anamdanganya, na kisanduku cha mwisho ni utani. Mzimu mwenyewe ndiye hadithi. Hilo ndilo lililokuwa moyo wa katuni ya miaka ya mwanzo, kwamba mzimu ana sababu, nao walilibeba vizuri kuliko NOW wenye kurasa mara nne yake. Mazungumzo pia ni mazuri zaidi. Peter anamchokoza Egon, Egon hajui kama amechokozwa, Winston anasema neno moja la akili na hakuna anayemsikiliza.

Waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikuwa vijana, na wiki haikuwasubiri. Dan Abnett aliandika humo, Andy Lanning alichora humo, na mwaka 2008 hao wawili ndio waliounda upya kundi la Guardians of the Galaxy ambalo sinema ya 2014 ililichukua. Richard Starkings, aliyelihariri gazeti hilo, baadaye akawa mmoja wa watu wanaojulikana zaidi duniani kwa kuandika herufi za bede. Watu kama hao hawatoki mahali bure. Kuandika hadithi kamili ndani ya kurasa tano, wiki baada ya wiki, ni shule ngumu kuliko kupewa albamu nzima.

Kuna kasoro moja ya London ambayo ninyi hasa itawagusa. Utani wao mwingi ni wa kucheza na maneno ya Kiingereza na mambo ya nyumbani kwao. Mkiwa mnasoma kwa kamusi, nusu ya utani inapita juu ya kichwa, na safu ya Egon yote ni maandishi. Ndiyo sababu nadhani wengi wenu mlivutwa kwanza na zile za NOW: hadithi ndefu inaeleweka kwa picha hata ukikosa maneno. Basi fanyeni hivi. Chukueni hadithi moja ya London, funikeni maputo yote kwa vipande vya karatasi, mwisome kwa michoro peke yake. Mkielewa mzimu ni nani na ameshindwaje, hiyo ndiyo ya kunakili kwa penseli, kisanduku kwa kisanduku, kama zoezi. Msipoelewa, iacheni.

Kumbuka pia kwamba bede fupi si kitu cha kigeni kwetu. Hapa Lubumbashi wazee wetu walikua na Mwana Shaba Junior, gazeti la vijana la kampuni ya madini, na bede zake zilikuwa za kurasa chache. Kinshasa kulikuwa na Jeunes pour Jeunes tangu 1968. Vijana wengi wanaoniletea kazi wanaota albamu ngumu ya Kibelgiji ya kurasa 48 au 62, kwa sababu ndiyo waliyoiona maktaba ya wamisionari. Wanasahau kwamba hata Tintin alitoka gazetini kwanza, kipande kwa kipande, wiki hadi wiki, ndipo akafungwa ndani ya albamu.

Turudi kwenye chukudu chenu, kwa sababu ni wazo zuri na sitaki mliharibu kwa kulirefusha. Kwenye simu mnaanza na volkano usiku, muziki, moshi, mzimu anashuka polepole. Kwa video sawa. Kwenye karatasi mtakuwa mmetumia ukurasa mzima kuonyesha moshi. Anzeni na kisanduku kikubwa: chukudu kimejaa magunia ya viazi, kinapanda mlima kuelekea Kibumba, na hakuna mtu anayekisukuma. Kila mtu wa Goma anajua chukudu hushuka na mzigo na hupanda kwa jasho la mwenyewe. Picha hiyo moja imemaliza kazi ya dakika nzima ya muziki. Ukurasa wa pili, mwenye chukudu analalamika kwa timu yenu. Anachotaka ni viazi vyake, mzimu hamhusu. Wa tatu, mnajaribu kukikamata, kinawaburuta. Wa nne, mmoja wenu anauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza: kwa nini kinapanda, kwa nini kisishuke mjini? Mnajua hadithi za wazee wa Virunga, kwamba walioishi vizuri hupumzika Karisimbi na waovu hutupwa Nyiragongo. Labda huyu anadai alitupwa mlima usio wake. Wa tano mtaumaliza wenyewe, maana mimi siwezi kuwaandikia utani wa Goma.

Lile jambo moja la kuchukua kutoka NOW ni mahali. Wakiwa na kurasa nyingi, wanampa msomaji muda wa kuona mtaa, ngazi, jengo la zamani la zimamoto ambamo timu inaishi. London mara nyingi nyuma ya mhusika kuna rangi tupu, kwa sababu hakuna muda. Ninyi mna Birere. Kila ukurasa uwe na kisanduku kimoja, kimoja tu, ambacho kimechorwa kwa uvumilivu: ukuta wa mawe meusi ya lava, foleni ya madumu ya njano kwenye bomba, mabati, mzunguko wenye sanamu ya chukudu. Vingine vikimbizeni.

Kuna toleo la tatu ambalo mjomba hakuleta kwa sababu ni jipya, nalitaja kwa ajili ya mchoraji wenu. Kuanzia 2011 kampuni ya IDW ilitoa bede za Ghostbusters zilizoandikwa na Erik Burnham na kuchorwa na Dan Schoening, na mwaka 2015 wakatoa hadithi ya matoleo manne, Get Real, ambamo timu ya katuni inaangukia katika dunia ya timu ya bede hiyo. Timu mbili, watu walewale, ukurasa mmoja, na wewe msomaji huwachanganyi hata mara moja. Kama mchoraji wenu anataka kujua sura ya mtu inabebwa na nini, aangalie nywele, mabega na kidevu katika hizo. Rangi za suti zinasaidia pia, lakini ninyi hamtakuwa na rangi.

Na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi ya hadithi. Slimer ni wa kijani. Ukimtoa rangi anabaki kiazi chenye meno. Mtachapa kwa fotokopi, nyeusi na nyeupe, na mashine nyingi zinageuza kijivu kuwa uchafu. Mzimu wenu achorwe bila kijivu. Watu na vitu wawe na mstari mnene uliofungwa; mzimu awe na mstari mwembamba uliokatika katika, na nyuma yake wekeni weusi kamili ili yeye abaki mweupe. Puto lake la maneno liwe na umbo lake peke yake, na herufi zake ziandikwe na mkono mwingine, si wa yule anayeandikia wengine. Msomaji atasikia sauti tofauti bila kuambiwa.

Jambo la sheria, kwa ufupi. Kuwinda mizimu ni wazo la kila mtu. Lakini ile alama ya mzimu ndani ya duara jekundu lenye mstari, majina, na mashine ile ya mgongoni jinsi ilivyo, vina mwenyewe, kampuni ya sinema ya Columbia, ambayo ni mali ya Sony tangu 1989. Kama katuni zenu za simu zina alama hiyo kwenye fulana, itoeni kabla ya kuchapa. Mpeni kila mmoja kifaa cha kwenu; dumu la njano mgongoni lingechekesha zaidi ya protoni.

Sasa karatasi. Kunja A4 nne katikati, mnapata kijitabu cha kurasa 16. Jalada ni ya 1, nyuma yake mnajitambulisha. Ya 3 hadi 7 ni chukudu. Ya 8 na 9, fanyeni kama Egon: kurasa mbili za maandishi, mmoja wenu akieleza aina za mizimu wa Kivu kwa lugha ya ofisini kabisa. Ya 10 hadi 14 ni hadithi ya pili, na ya 15 ni ukanda wa vichekesho wa yule mhusika wenu ambaye watoto wanamcheka zaidi. Ya 16 muuzieni mwenye duka la fotokopi aweke tangazo lake, na malipo yake yawe ni wino na karatasi za toleo hilohilo.